Rahmani ya Mchanga

Kwa muda wa wiki tatu, kila baada ya sala ya Isha, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei alikuwa akikaa juu ya mkeka katika nyumba moja ya Maskati, magoti ameyakunja kama mtoto wa chuoni, akipaka rangi karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa ndefu mno, imezungushwa kwenye vijiti viwili mfano wa hati za kale, na ndani yake mlikuwa na visanduku zaidi ya mia, kila kisanduku na tarakimu zake, mchoro wake mdogo, na herufi mbili tatu zisizounda neno. Manjano aliiweka penye nyuzi za dira. Nyekundu aliiweka penye hatari. Buluu aliiweka penye vituo vya mafuta.

Mama yake, aliyezaliwa Mkunazini, Unguja, na ambaye Kiswahili chake hakikushika kutu kwa miaka yote ya Uarabuni, alimtazama siku ya kwanza asiseme neno. Siku ya pili akamwuliza:

"Unaandika utenzi, baba?"

"Nasoma njia, mama."

"Njia husomwa? Njia hupitwa."

Naye akacheka, akaendelea kupaka rangi yake. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa.

Safari iliyokuwa ikitengenezwa ilikuwa ya mashindano ya pikipiki katika Rub' al-Khali, jangwa ambalo jina lake maana yake ni Robo Tupu, upande wa Abu Dhabi: siku tano, hatua tano, mchanga tangu alfajiri hadi alasiri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1991. Yeye pikipiki aliijua tangu ujanani, na jangwani alikwenda kila alipopata nafasi, kwa matembezi, pamoja na wenzake, chakula ndani ya gari na moto wa kuni usiku. Lakini kukimbia masafa marefu peke yake, mbele hakuna barabara na nyuma hakuna anayemngoja, hakupata kufanya hata mara moja. Na kama walivyo wengi wa Ghuba wanaoingia mlango huo, jicho lake lilikuwa mbali zaidi, Dakar.

Asili ya Dakar ni kupotea. Mwaka 1977, Mfaransa Thierry Sabine alikuwa akishindana kwa pikipiki kutoka Abidjan kwenda Nice, akapotea jangwani peke yake, na akaokolewa wakati maisha yake yamebaki kama uzi. Mtu mwingine angaliapa asiuone tena mchanga. Yeye alirudi Ufaransa akaanza kuwaita watu wamfuate. Tarehe 26 Disemba 1978 msafara wa kwanza ukaondoka Paris, kilomita takriban 10,000 hadi Dakar, na aliyeshinda, Cyril Neveu, alikuwa kijana mwenye pikipiki ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Mwaka ule hapakuwa na mkongwe. Wote walikuwa wanagenzi. Sabine mwenyewe alikufa kwa ajali ya helikopta nchini Mali mwezi wa Januari 1986, mashindano yakiwa yanaendelea. Mwaka 2008 safari ikavunjwa kwa sababu ya usalama, tangu 2009 ikahamia Amerika ya Kusini, na tangu 2020 iko Saudi Arabia. Jina limebaki Dakar, ingawa Dakar yenyewe hawaioni hata kwa darubini. Wenyeji wa nyumba ile ya Maskati hawakuona ajabu katika hilo. Wao wenyewe, baada ya zaidi ya nusu karne, mtaani bado huitwa Wazanzibari.

Mwanagenzi wa jambo hili aghlabu huanza kwa kununua, na huyu naye hakutofautiana na wenzake. Aliuza gari lake zuri, akapanda la kazini. Pikipiki aliyoipata ilikuwa ya injini ya sentimita za ujazo 450, ambao ndio ukomo wa Dakar tangu mwaka 2011, na matangi yake hubeba zaidi ya lita 30 za petroli, kwa kuwa jangwani si rahisi kupata kituo kila unapokiona kiu cha injini. Akajifunza kulifungua chujio la hewa gizani, kwa vidole tu, kwa sababu mchanga wa Robo Tupu ni laini mfano wa unga wa muhogo na hauna adui ila chujio lililopakwa mafuta vizuri. Ndani ya tairi akaweka sponji nene badala ya mpira wa upepo. Tairi ya namna hiyo haipasuki, ila sponji ikipata moto kupita kiasi huyeyuka ndani kwa ndani, na mpanda pikipiki hajui mpaka gurudumu limeanza kucheza. Kumwaga oili kila jioni, kukaza kila skurubu, kuupima mnyororo: haya yote hufundishika, na mwenye subira huyamaliza mapema.

Halafu ikabaki kazi yenyewe.

Ijumaa kwa Ijumaa alikwenda Bidiya, takriban kilomita 200 kutoka Maskati, mahali ambapo lami hukoma na mchanga wa Wahiba huanza. Jangwa hilo siku hizi huitwa Rimal al-Sharqiya. Matuta yake marefu yamejipanga kwa mistari, kaskazini kwa kusini, na katikati ya tuta na tuta mna bonde pana lenye miti ya mighafu. Wajuzi wa ardhi wanasema aliyeyapanga ni upepo wa kusi, ukiusukuma mchanga kutoka ufukweni kuuingiza bara. Msomaji wa pwani atalitafakari jambo hili kwa namna yake. Upepo uleule uliojaza matanga ya majahazi kutoka Unguja kurudi Sur na Maskati, ukifika mwisho wa bahari haukusimama. Uliendelea kupiga mawimbi, ila kwa mchanga.

Na kwa kweli lugha ya chomboni humfaa zaidi anayejifunza mchanga kuliko lugha ya barabarani. Tuta lina upande wa joshini, unaopigwa na upepo, ambao ni mgumu na wenye mteremko mpole. Lina upande wa demani, uliojificha, ambao ni laini na huanguka ghafla kama ukuta. Anayepanda joshini kwa kasi asijue demani kuna nini huruka hewani pamoja na pikipiki ya kilo mia moja na arobaini na zaidi. Basi hupandwa kwa kasi, na karibu na mgongo wa tuta mafuta hupunguzwa kidogo tu, pikipiki ikazungushwa ubavu ili jicho litangulie kabla ya gurudumu. Ukipunguza mno, unazama. Usipopunguza, unaruka. Na saa sita mchana, jua likiwa utosini, vivuli hutoweka, tuta na shimo vikawa rangi moja, na hapo hata bingwa huenda kwa kukisia.

Miezi ya mwanzo alianguka kila alipopanda. Mzee mmoja wa pale Bidiya, mfuga ngamia, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye gari lake bovu, alimwita siku moja akamwambia kwa Kiarabu cha kwao neno lisilozidi pumzi moja: kwamba anatazama gurudumu, na gurudumu halijui linakokwenda. Tangu siku ile akainua macho. Akagundua pia kwamba hofu ina mkono wake, nao ni mkono wa kulia, kwa sababu mtu akiogopa huachia mafuta, gurudumu la mbele likapata uzito, likachimba. Mchangani mwoga huanguka kwa sababu ya kujihadhari.

Yupo atakayeuliza, na ni haki yake, kuna faida gani katika mbio hizi. Mwingereza Wilfred Thesiger, aliyeivuka Robo Tupu kwa ngamia mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiongozwa na vijana wa kabila la Rashid, na ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal, Kenya, aliichukia motokaa kwa moyo wake wote. Aliona injini imeua kitu kisichorudi. Hoja yake si ya kudharauliwa. Ila Thesiger alikuja kutafuta ugumu kwa hiari, na kwao alikuwa na pa kurudi, sawasawa na huyu mwenye pikipiki. Bedui aliyemwongoza hakuuchagua ugumu ule, na gari lilipokuja alilipanda.

Turudi kwenye karatasi.

Mashindano haya hayana barabara iliyowekewa bendera. Chombo cha setilaiti kilichofungwa kwenye pikipiki hakimwoneshi mtu njia. Hufunguka tu akishakaribia kituo, masafa ya mamia ya mita, kisha hufumba tena. Kilichobaki ni kitabu cha njia, kilichoandikwa na mtu aliyepita kabla. Siku hizi mashindano makubwa yamekigeuza kikawa cha kioo cha umeme, lakini huyu alipewa na mwenziwe karatasi za miaka iliyopita, akajifunza kwazo, kwa kuwa mkono uliopaka rangi haukosi kukumbuka. Kila kisanduku kina habari tatu kubwa: masafa kutoka alama iliyotangulia, mchoro wa njia panda au mlima au mti, na nyuzi za dira. Herufi ni za Kifaransa. HP ni nje ya njia. DN ni matuta ya mchanga. TDSPP ni moja kwa moja kwa kufuata njia kuu. Alama ya mshangao moja ni tahadhari, mbili ni hatari, tatu ni mahali ambapo watu huvunjika.

Wazee wa bahari walikuwa na kitabu cha namna hii. Kiliitwa rahmani, neno lililotoka kwa Waajemi, maana yake kionesha njia, na ni jirani wa ramani tuliyonayo katika Kiswahili. Ndani yake mliandikwa bandari, miamba, nyota ya kufuatwa na urefu wake kwa kipimo cha vidole. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, aliyeandika katika karne ya 15, elimu yake nyingi aliitia katika mashairi, na mojawapo, Sufaliya, linahusu njia za pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. (Hadithi ya kuwa yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 imekataliwa na wanahistoria wengi, na jina lake halihitaji hadithi hiyo.) Kwa nini mashairi? Huambiwa ni kwa sababu shairi hukaa kichwani hata kitabu kikilowa. Hilo ni kweli, lakini mtunzi anajua kwamba ipo sababu nyingine. Shairi hujilinda. Ukikosea neno, mizani hupungua au kina hukataa, na sikio likasimama. Nathari mtu huipotosha akaendelea na safari asijue.

Kisanduku cha karatasi ile nacho kimefungwa vivyo hivyo. Masafa, mchoro na dira ni mashahidi watatu. Wakikubaliana, endelea. Mmoja akikataa, umeshakosea, na kosa halipo pale ulipo bali liko nyuma. Na kanuni ya pili, ambayo kila mkongwe humwambia kila mwanagenzi na kila mwanagenzi huidharau mara moja: usitafute njia ya mkato. Rudi hadi alama ya mwisho uliyokuwa na yakini nayo.

Yeye aliidharau mwezi mmoja kabla ya safari.

Alikuwa Wahiba, na mwenziwe amemwandalia karatasi ya kilomita 90. Penye kisanduku kimoja akasoma masafa ya jumla badala ya masafa ya alama hadi alama, akapinda pasipo pake, akaingia bonde lisilo lake. Na bonde la Wahiba, kwa ule mpango wa kusi, ni pacha wa bonde lililo jirani yake: tuta kushoto, tuta kulia, mighafu katikati, dira ileile. Shahidi mmoja alikuwa naye, wawili hawakuwapo, akawasingizia. Mti uliochorwa hakuuona, akajiambia umekatwa. Alikwenda kilomita 11 kabla ya moyo kumwambia kweli. Hapo akafanya kile ambacho hofu humfundisha kila mtu: akakata ubavu, ayavuke matuta aingie bonde la haki.

Tuta la kwanza alilivuka. La pili likammeza. Pikipiki ilizama hadi kwenye injini, upande wa demani, saa sita na nusu. Aliilaza ubavu, akalijaza shimo kwa mikono, akaiinua, ikazama tena. Mara ya nne akakaa chini. Mgongoni alikuwa na mfuko wa maji wa lita tatu, ambacho ndicho kiasi kinacholazimishwa na sheria za mbio hizi, na mrija ulianza kuvuta hewa. Simu haikushika mtandao. Kitu kilichomshangaza baadaye si kiu, bali jinsi akili ilivyokuwa tayari kumpa sababu nzuri za kuendelea mbele: kwamba bonde liko tuta moja tu, kwamba upepo umetulia, kwamba kurudi ni aibu. Kila sababu ilikuwa na mantiki yake.

Saa nane akaifuata alama ya magurudumu yake mwenyewe, kwa miguu kwanza, akiangalia kama bado inasomeka. Upepo ulikuwa umeanza kuifuta kandokando. Akaiteremsha pikipiki hadi chini, akarudi nyuma kilomita zote zile, akaukuta mti. Ulikuwa umesimama palepale ulipochorwa.

Nyumbani hakueleza kitu. Mama akaitazama midomo yake iliyopasuka, akaleta bakuli la uji.

Jambo la radhi lilikuwa bado. Kwa watu wa nyumba ile, safari isiyo na radhi ya mama si safari, na yeye alikuwa ameihifadhi habari hii hadi mwisho kama mdaiwa anavyohifadhi deni. Alikuwa ameshaandika wasia. Alikuwa ameshatia saini karatasi zinazosema kwamba anajua mchezo huu huua. Na huua kweli, wala hauchagui wanagenzi: Mreno Paulo Gonçalves, mtu wa Dakar nyingi, alianguka akafa nchini Saudi Arabia mwezi wa Januari 2020, akiwa na miaka 40. Hayo hakumwambia mama. Alimwonesha tu kile kidude cha kuita msaada, fulana inayojaa hewa mtu akianguka, kioo cha kuakisi jua, na blanketi jembamba la kung'aa.

Yule bibi akavishika kimoja kimoja, akavirudisha mahali pake. Kisha akazungumza habari ambayo mwanawe aliijua kwa vipande tu. Mwaka 1964 alikuwa na umri wa miaka saba. Walipoondoka Unguja hapakuwa na matayarisho. Mama yake, katika saa ile ya kuchukua kilicho karibu, alichukua mbuzi ya kukunia nazi. Wakafika Dubai, nazi hakuna, na mbuzi ikakaa uvunguni kwa miaka, mpaka walipohamia Oman baada ya 1970, zikaanza kuja nazi za Salala.

"Watu walimcheka," alisema. "Dhahabu aliiacha, mbuzi akaichukua. Yeye hakuwa akijua tunakwenda wapi. Wewe unajua?"

"Najua, mama. Kila kilomita imeandikwa."

"Na aliyeiandika alirudi?"

"Alirudi."

Akanyamaza kitambo. Halafu, badala ya kutoa radhi au kuikataza, aliivuta miwani yake, akaichukua ile karatasi yenye vijiti viwili, akaisogeza kwenye taa. Akaamuru azime televisheni na asimame mbele yake. Watoto wa chuoni wa Mkunazini walifundishwa hivyo: mwalimu ana kitabu, mwanafunzi hana.

Akasoma kilomita kwa sauti, taratibu, tarakimu na nukta. Mwana akataja nyuzi za dira. Akafika penye herufi tano, akauliza kama hilo ni jina la dawa. Mwana akasema: moja kwa moja, fuata njia kuu. Akakizungusha kijiti cha juu, kisanduku kingine kikapanda. Wakaendelea hivyo, na chai ikapoa.

"Hapa pana mti."

"Wa upande gani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Wa kushoto, mama. Nisipouona, narudi."

Akazungusha.

"Na hii ya wekundu, yenye vijiti vitatu na nukta zake?"

"Hapo napunguza."

"Sema tena."

"Hapo napunguza, mama."